Makangaga ya Kuliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya mtu anayetaka kula kangaga la porini bila kubahatisha. Majina ya Kiswahili ya spishi mojamoja ni machache, kwa hiyo jina la kisayansi limetajwa kila linapohitajika. Usiliruke. Jina la mtaani linaweza kubeba mimea mitatu tofauti, na mmoja kati ya hiyo mitatu ukakulaza kitandani.

Kangaga ni mmea gani, na ni sehemu gani inayoliwa?

Kangaga halitoi maua wala mbegu. Huzaana kwa spora, vumbi laini linalotoka kwenye vidoa au mistari ya kahawia iliyo upande wa chini wa jani. Jani lake changa huchomoza likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua kadiri linavyorefuka. Chipukizi hilo lililojiviringa, pamoja na kipande laini cha kikonyo chake, ndicho kinacholiwa na watu wengi. Jani likishakunjuka na kutandaza vijani vyake, yaani vile vijijani vidogo vinavyoliunda, huwa gumu na chungu, halina tena kazi jikoni.

Je, makangaga yote yaliyojiviringa yanaliwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Karibu makangaga yote hujiviringa yakiwa machanga, ya kuliwa na ya sumu. Kujiviringa kunakuambia kwamba hili ni kangaga, basi. Duniani kuna zaidi ya spishi 10,000 za makangaga, na zinazoliwa kwa wingi unaweza kuzihesabu kwa vidole. Nyingine nyingi hazijawahi kuchunguzwa kama chakula, na chache zinajulikana wazi kuwa na sumu.

Kwa sababu hiyo, usijifunze “makangaga ya kuliwa” kwa jumla. Jifunze spishi moja mpaka uitambue changa, komavu na iliyokauka, ndipo ufikirie ya pili.

Anayeanza aanze na lipi?

Inategemea hali ya hewa. Penye baridi kali na theluji, upande wa kaskazini wa dunia, anza na Matteuccia struthiopteris. Jina lake la pili limetokana na maneno ya Kigiriki yanayomtaja mbuni, kwa kuwa majani yake yamekaa kama manyoya ya ndege huyo. Hapa nitaliita kangaga-mbuni (mbuni ndege, si mbuni wa kahawa). Huota Ulaya, Asia ya kaskazini na mashariki, na Amerika ya Kaskazini, na ndilo linalochumwa sana katika majimbo kama Maine nchini Marekani na New Brunswick nchini Kanada.

Penye joto na unyevu, anza na Diplazium esculentum, ambalo nitaliita kangaga-mboga. Asili yake ni Asia na visiwa vya Pasifiki, na limesambaa hadi sehemu nyingine za dunia. Ufilipino huitwa pako, na Assam nchini India huitwa dhekia.

Kama ulipo hayapo yote mawili, usilazimishe. Kangaga linalofanana nalo si mbadala wake.

Nitalitambuaje kangaga-mbuni?

Kuna alama nne, na unazihitaji zote kwa pamoja. Tatu hazitoshi.

Ya kwanza ni mfereji. Shika kikonyo utazame upande wa ndani, ule unaoelekea katikati ya mviringo. Utaona mfereji wenye kina unaoshuka urefu wote wa kikonyo, kama ule wa bua la seleri. Ukikikata, mkato wake una umbo la herufi U. Hii ndiyo alama wanayoitegemea wachumaji wazoefu, lakini ni lazima uwe mfereji hasa. Makangaga mengine yana mstari hafifu, na mwenye hamu ya kula huuona mstari huo kuwa mfereji.

Ya pili ni ulaini wa ngozi. Kikonyo ni kijani kibichi na laini, hakina sufi wala vinyweleo.

Ya tatu ni magamba. Chipukizi linapotoka ardhini limefunikwa na magamba membamba ya kahawia, makavu kama karatasi, yanayopukutika ukiyasugua kwa kidole. Magamba yakishikilia, au yakiwa meusi na mengi kama nywele, yaelekea umeshika kangaga jingine.

Ya nne huisahau wengi, nayo ni masalia ya mwaka uliopita. Kangaga-mbuni lina majani ya aina mbili. Majani ya kawaida ni ya kijani, yamepanuka juu ya katikati na kusinyaa kuelekea chini, mithili ya unyoya mkubwa. Majani ya spora ni mafupi, magumu, ya kahawia iliyokolea, nayo hubaki yamesimama wima kipindi chote cha baridi. Machipukizi mapya yanapotoka, vijiti hivyo vya kahawia bado vimesimama katikati ya shina. Ukiviona, uko mahali pazuri. Usipoviona, rudi ukatazame tena na mashina ya jirani, kwa kuwa si kila shina huzaa majani ya spora kila mwaka.

Zaidi ya hayo, machipukizi hutoka kwa kundi kutoka kwenye shina moja, yakizunguka kama vidole vya mkono uliofumbwa nusu. Mahali pake ni kingo za mito na mabonde yanayofurika, penye udongo wa tope uliochanganyika na mchanga. Kichwa kilichojiviringa huwa na upana wa sentimita 2.5 hadi 4.

Na kangaga-mboga la nchi za joto?

Tafuta kando ya vijito na mitaro yenye maji yanayotembea, penye jua au kivuli chepesi. Shina lake husimama, na likizeeka huonekana kama kigogo kifupi. Majani huzidi mita moja kwa urefu. Mmea ukiwa mchanga, vijani vimepangwa safu moja kila upande. Ukikomaa, kila kijani nacho hugawanyika tena. Chini kabisa kikonyo kina magamba meusi, lakini sehemu ya juu unayoichuma ni laini.

Kisha geuza jani komavu uangalie mishipa. Kwenye kangaga-mboga, mishipa midogo ya pande jirani hukutana ikafanya mfululizo wa pembe zinazoelekea ukingoni mwa kijani. Spora zimekaa kwenye mistari mirefu juu ya mishipa hiyo. Yapo makangaga mengine ya majimaji yenye mishipa inayokutana vilevile, lakini hayo kwa kawaida yana vinyweleo unavyovihisi kwa kidole, na spora zake zimekaa kwenye vidoa vya duara. Kwa hiyo hapa jicho na kidole hufanya kazi pamoja.

Huchumwa ncha, takriban urefu wa shubiri moja, pale linapovunjika lenyewe ukilipinda. Linapogoma kuvunjika, hapo limeshakomaa.

Nimepata machipukizi yenye manyoya mengi. Yanaliwa?

Kwa anayeanza, manyoya ni alama ya kuacha. Ni kweli kwamba Wajapani hula Osmunda japonica, ambalo hutoka ardhini limevaa sufi. Lakini wao huondoa sufi hiyo, hulichemsha, kisha hulikausha juani huku wakilisugua kwa mikono tena na tena kwa siku kadhaa. Hicho ni chakula chenye ufundi wake, na ufundi huo umefungwa kwa spishi hiyo moja. Sufi ikikuvutia Ulaya au Amerika, haikuhakikishii kwamba umepata mmea uleule.

Kangaga la Pteridium ndilo limejaa kila mahali, na mamilioni ya watu hulila. Kwa nini hamlipendekezi?

Swali hili ndilo linaloleta ubishi kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Pteridium aquilinum na ndugu zake wa karibu hupatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Aquila ni tai kwa Kilatini, basi tuliite kangaga-tai. Ni rahisi kulitambua. Halitoki kwa kundi kwenye shina moja. Kila jani huchomoza peke yake kutoka kwenye shina refu linalotambaa chini ya ardhi, kwa hiyo utayaona yametawanyika uwanja mzima. Chipukizi lina vinyweleo, na kichwa chake hugawanyika mara tatu kama kucha za ndege. Likikomaa, jani huwa pana, lenye umbo la pembetatu. Hupenda vilima vilivyochomwa moto, mashamba yaliyoachwa na kingo za misitu, maana moto unaounguza majani hauligusi shina lililo ardhini.

Ni kweli kwamba linaliwa. Japani huitwa warabi na Korea huitwa gosari, na katika nchi zote mbili ni chakula cha kawaida. Lakini lina mambo mawili mabaya ndani yake.

La kwanza ni thiaminasi, kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Farasi akila kangaga-tai kwa muda mrefu huanza kuyumba na kushindwa kusimama kwa kukosa vitamini hiyo. Kwa mpishi hili ni tatizo dogo, kwa sababu moto huharibu kimeng'enya hicho.

La pili ni zito zaidi. Kangaga-tai lina kemikali iitwayo ptakwilosidi, ambayo husababisha saratani kwa wanyama. Mwaka 1965 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba panya waliolishwa kangaga hili walipata uvimbe wa saratani, na kemikali yenyewe ilitambuliwa miaka ya mwanzo ya 1980. Ng'ombe wanaolila kwa miaka hukojoa damu na kupata uvimbe kwenye kibofu. Ptakwilosidi hupita hata kwenye maziwa yao. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka kangaga-tai katika kundi 2B, yaani vitu vinavyoweza kumsababishia binadamu saratani. Na bahati mbaya zaidi, kemikali hiyo imejaa hasa kwenye machipukizi machanga, sehemu ileile inayotamaniwa.

Je, aliyelionja mara moja ana sababu ya kupoteza usingizi? Hana. Hatari inayozungumzwa ni ya kula mara nyingi kwa miaka mingi. Msimamo wangu ni kwamba mtu ambaye hakukua na chakula hiki, wala hakufundishwa kukitayarisha, hana sababu ya kukianza.

Lakini si majivu huondoa hiyo sumu?

Hupunguza, tena sana. Ptakwilosidi huyeyuka majini na huvunjika kwa joto na kwa magadi. Ndiyo maana mapishi ya Kijapani huanza kwa kumwagia machipukizi maji yanayochemka yenye majivu ya kuni au magadi soda, kuyaacha usiku kucha, kumwaga maji hayo na kusuuza vizuri. Waliobuni njia hiyo walikuwa wanapambana na uchungu tu, hawakuwa na habari za kemia. Inabaki sehemu kidogo, na inategemea ulianza na kiasi gani, kwani kiwango hutofautiana kati ya kangaga na kangaga na kati ya eneo na eneo.

Mtu anayelichoma juu ya makaa au kulikaanga moja kwa moja hajafanya hata hatua ya kwanza.

Kwa nini kangaga-mbuni nalo lazima lichemshwe, kama halina sumu hiyo?

Kwa sababu lina kitu kingine ambacho bado hakijapewa jina. Mwaka 1994 watu katika jimbo la New York nchini Marekani na magharibi mwa Kanada waliugua baada ya kula machipukizi mabichi au yaliyopitishwa motoni kidogo. Uchunguzi haukupata vijidudu vya kueleza ugonjwa huo, wala sumu yenyewe haikutambuliwa. Kilichoonekana wazi ni tofauti ya jikoni. Mikahawa iliyoyakaanga kwa dakika chache tu iliugulisha wateja wake, na mahali yalipochemshwa dakika 10 kabla ya kukaangwa hakukuwa na wagonjwa.

Kwa hiyo hata ukiwa na uhakika wa asilimia mia kwamba umechuma spishi sahihi, bado hujamaliza kazi. Kupika ni nusu ya pili ya utambuzi.

Niyapike vipi, hatua kwa hatua?

Kwanza ondoa magamba ya kahawia. Ni rahisi zaidi yakiwa makavu: yatie kwenye mfuko au chujio uyatikise, au yapepete mahali penye upepo kama unavyopepeta nafaka. Ukiyalowesha kabla ya kuyapepeta, magamba yatanata na utayaokota moja baada ya jingine hadi jioni.

Osha kwa maji mengi, ubadilishe mara kadhaa hadi maji yawe meupe. Udongo wa bonde la mto hujificha ndani ya mviringo. Kata ncha ya chini iliyogeuka rangi.

Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo. Yakitokota, tia machipukizi, subiri yatokote tena, kisha hesabu dakika 15. Mamlaka ya afya ya Kanada inataja muda huo, au dakika 10 hadi 12 kwa mvuke. Mwaga maji yote.

Baada ya hapo ndipo mapishi yanapoanza. Kaanga kwa siagi na kitunguu saumu, tia kwenye mchuzi, kwenye mayai au kwenye tui, upendavyo. Kukaanga, kuchoma na kuoka ni hatua za baada ya kuchemsha, haziwezi kuchukua nafasi yake. Wapo watakaolalamika kwamba dakika 15 zinayalegeza mno. Ni kweli yanalegea, lakini ladha yake, iliyo kati ya asparaga na maharage mabichi, bado inabaki.

Maji niliyochemshia naweza kuyafanya supu?

Hapana. Yamwage, na sufuria uioshe. Wala usiyatumie kuchemshia mkupuo wa pili.

Nimeona saladi ya makangaga. Wanaokula mbichi mbona hawafi?

Mara nyingi “mbichi” hiyo si mbichi. Saladi ya pako ya Ufilipino, kwa mfano, kwa kawaida hutengenezwa kwa kangaga-mboga lililochovywa kwenye maji yanayochemka. Pia ni spishi tofauti na kangaga-mbuni, na mazoea ya spishi moja hayahamishiki kwenda nyingine. Ushauri wangu ni kupika yote, hata kangaga-mboga, hadi yalainike, na kumwaga maji.

Nimeshakula mabichi. Nifanye nini?

Kama ni kangaga-mbuni, dalili zilizoripotiwa ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, tumbo kusokota na kichwa kuuma, nazo huanza kati ya nusu saa na saa 12 baada ya kula. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, ingawa kwa wengine zimeendelea hadi siku tatu. Kunywa maji kwa wingi, kwa sababu hatari kubwa ni kuishiwa maji mwilini, hasa kwa mtoto na mzee.

Kama hujui ulikula spishi gani, usikae kusubiri dalili. Nenda hospitali, na ubebe mabaki ya mmea, mabichi au yaliyopikwa. Macho kutoona vizuri, kizunguzungu kikali, degedege, au udhaifu wa misuli si dalili za kutibia nyumbani.

Ni mimea gani hatari inayoweza kunichanganya?

Ndani ya ukoo wa makangaga, mwangalie Dryopteris filix-mas. Shina lake la ardhini lilitumika zamani Ulaya kama dawa ya minyoo tegu, na dawa hiyo ilipofusha na hata kuua baadhi ya waliozidisha. Chipukizi lake lina magamba mengi ya kahawia yanayong'ang'ania kikonyo.

Nje ya ukoo huo kuna hatari kubwa zaidi. Conium maculatum, mmea wa sumu iliyomuua mwanafalsafa Sokrate, una majani yaliyochanika vipande vidogo kiasi kwamba kwa mbali mtu huyadhania kangaga. Mmea huo haujiviringi kama mkia wa kinyonga, na bua lake lina uwazi ndani na madoa ya zambarau. Kisha kuna jamii ya sikadi, hasa jenasi ya Cycas, ambazo watu hupanda bustanini kwa mapambo. Vijani vyake vichanga hujiviringa, na mmea karibu wote una sumu inayoharibu ini. Sikadi hutoa mbegu kubwa na shina lake ni gumu kama la mnazi mfupi. Ukiona hivyo, hilo si kangaga.

Nichume lini na kiasi gani?

Kangaga-mbuni huchumwa majira ya kuchipua tu, na muda wake ni mfupi, wiki chache. Chuma likiwa bado limejiviringa vizuri, likiwa na urefu usiozidi sentimita 15. Kangaga-mboga hutoa machipukizi mwaka mzima penye maji ya kutosha.

Shina moja la kangaga-mbuni lina akiba ya machipukizi ya mwaka huo. Ukiyamaliza yote, shina hudhoofika, na ukirudia mwaka wa pili na wa tatu linakufa. Wengine husema chukua nusu, wengine theluthi. Mimi nipo na wa theluthi, hasa mahali ambapo huna uhakika kwamba wewe ndiye mchumaji pekee. Shina lenye machipukizi matatu liache kabisa. Usirudi kulichuma shina lilelile mara ya pili msimu huohuo, na majani ya spora usiyaguse.

Kata kwa kisu au vunja kwa vidole. Kung'oa ni kuua. Uliza pia kama eneo lina mwenyewe, au ni hifadhi inayokataza kuchuma.

Kuna mahali nisipochume hata kama spishi ni sahihi?

Kando ya barabara kubwa, chini ya nguzo za umeme zinazopuliziwa dawa za magugu, kwenye migodi ya zamani na mahali palipokuwa na viwanda vya kutia mbao dawa.

Makangaga yanahitaji tahadhari ya ziada hapa. Mwaka 2001 watafiti huko Florida walitangaza kwamba Pteris vittata, kangaga lenye vijani vyembamba virefu linalopenda kuota kwenye kuta na mawe ya chokaa, hunyonya aseniki, madini yenye sumu, kutoka ardhini na kuirundika kwenye majani kwa kiwango kinachozidi cha udongo mara nyingi sana. Tangu hapo limekuwa likitumika kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Mmea wenyewe hubaki kijani, umenawiri, hauonyeshi dalili yoyote ya kilichomo ndani.

Mizizi yake nayo inaliwa?

Kwa baadhi ya spishi, ndiyo, ingawa kwa kweli si mizizi, ni mashina ya ardhini. Wamaori wa New Zealand waliishi kwa sehemu kubwa kwa shina la kangaga la jamii ya Pteridium, waliloliita aruhe. Walilikausha, wakalichoma na kulitwanga, kisha wakatafuna wanga na kutema nyuzi. Japani wanga wa kangaga-tai husafishwa kwa maji na kutengenezewa vitafunio.

Kisa cha kufundisha zaidi kinatoka Australia. Mwaka 1861 wasafiri Robert O'Hara Burke na William John Wills waliishiwa chakula karibu na kijito cha Cooper. Waliwaona wenyeji wakila nardoo, kangaga la majimaji la jenasi ya Marsilea lenye majani manne kama klova, wakaanza kusaga vifuko vyake vya spora na kula. Wills aliandika kwenye shajara yake kwamba nardoo haimletei nguvu ingawa anashiba. Wote wawili walikufa huku wakila. Watafiti kadhaa wanaamini kwamba thiaminasi iliyomo iliwamalizia vitamini B1, kwa kuwa hawakufuata hatua zote za matayarisho ya wenyeji. Mwenzao John King, aliyepokewa na kulishwa na Wayandruwandha, wenyeji wa hapo, alitoka hai.

Makangaga yana faida gani mwilini?

Ni mboga nzuri, si dawa. Kangaga-mbuni lina vitamini A na C kwa kiwango kizuri, nyuzinyuzi, na kwa mboga ya majani lina jambo la ajabu: mafuta ya omega-3 ya aina ambayo kwa kawaida huhusishwa na samaki. Kiasi chenyewe ni kidogo, na kuchemsha hupunguza baadhi ya vitamini. Anayekuuzia unga wa kangaga kama tiba ya kila ugonjwa, mpite.

Wajawazito na watoto wale?

Kangaga-tai wasile kabisa. Kangaga-mbuni na kangaga-mboga yaliyochemshwa kikamilifu ni chakula cha kawaida, lakini mara ya kwanza mpe mtoto kidogo sana, na siku hiyo usimpe mboga nyingine ngeni.

Nitayahifadhije?

Mabichi hukaa kwenye jokofu siku chache tu, kisha hugeuka rangi. Kwa muda mrefu, yachemshe dakika 2, mwaga maji, yatumbukize kwenye maji ya baridi kali, yachuje na kuyagandisha. Yatadumu hadi mwaka. Zile dakika 2 ni za kuhifadhi, hazihesabiki kama kupika. Siku ya kula utachemsha dakika 15 kama kawaida. Ukitaka achari, chemsha kwanza kikamilifu kisha ndipo utie siki. Kusindika kwenye makopo nyumbani usijaribu.

Programu ya simu inaweza kunitambulia?

Inaweza kukupa jina la kuanzia utafutaji. Haiwezi kuhisi vinyweleo, haioni mfereji ulio upande wa pili wa kikonyo, na machipukizi machanga ya spishi tofauti hufanana mno kwenye picha. Njia bora ni ya polepole. Msimu wa kwanza usichume. Weka alama kwenye shina unaloshuku, urudi likikunjuka, urudi tena likitoa spora, ulihakikishe kwa majani komavu. Chipukizi litakalotoka hapo mwaka unaofuata utalijua jina.

Naweza kulipanda nyumbani?

Ndiyo, na huondoa nusu ya maswali yaliyotangulia. Nunua mche wenye jina kamili la kisayansi kwa muuza miche anayeaminika. Kangaga-mbuni linataka baridi ya kweli, kivuli chepesi na udongo usiokauka. Kangaga-mboga linataka joto na maji mwaka mzima. Kangaga-mbuni husambaa lenyewe kwa mashina yanayotambaa ardhini, kwa hiyo liachie nafasi. Lipe miaka mitatu hivi lijenge shina kabla ya kukata chipukizi la kwanza.